Zamu ya Kuongea na Mheshimiwa

Mheshimiwa alikuja nyumbani kwetu ndani ya friza, akaendelea kuishi humo humo.

Baba ni fundi wa majokofu na viyoyozi. Siku hiyo aliitwa kwenye hoteli moja iliyokuwa inafungwa, akachukue friza iliyokufa, ile ndefu nyeupe ya kufunguliwa juu kama sanduku. Mimi nilikwenda kumshikia tochi na kisanduku cha bisibisi, kwa sababu kaka yangu alisema anaumwa mgongo. Mgongo wa kaka yangu huuma kukiwa na kazi tu. Kwenye ua wa nyuma tukamkuta daktari wa mifugo, mama mmoja mrefu, mwembamba, kavaa buti za mpira, anakusanya wanyama walioachwa. Kulikuwa na kasuku wawili, mbuzi mmoja mwenye kiburi, na kobe mkubwa kiasi cha beseni la kunawia.

Kobe macho yalikuwa yamevimba. Daktari alisema ni hewa kavu na giza. Miaka miwili walimweka chini ya rafu ya mashuka, stoo, na mashuka yananyonya unyevu wote. Mpishi akaja kumuaga, kobe akavuta kichwa ndani. Meneja akaja, kichwa ndani, miguu ndani, mkia ndani. Mimi nimesimama pale na tochi yangu, nikasema moyoni: jamani, kumbe inawezekana kujifungia hivi.

"Huyu anakwenda kituo cha wanyama," daktari akasema. "Safari ya siku nzima. Sijui kama atafika mzima, ila hapa hana mtu."

"Mimi," nikasema.

Daktari akageuka. "Wewe nini?"

Hapo nilikuwa nimeshamaliza. Maneno yangu ya siku yalikuwa yamekwisha. Baba, ambaye ni mkalimani wangu tangu nianze shule, akafuta mikono kwenye suruali akasema, "Anasema atamtunza."

"Amesema hivyo saa ngapi?"

"Amesema 'mimi'. Huyu akisema 'mimi' mbele ya mtu asiyemjua, daktari, ni sawa na mwingine aandike barua ya kurasa tatu."

Daktari akanitazama kuanzia viatu mpaka nywele. Mimi natazama buti zake. Akatoa karatasi akaandika: unyevu asilimia sitini mpaka sabini, mwanga wa taa ya mionzi saa kumi na mbili kwa siku, jiwe la kuotea joto, maji ya kuoga, majani mabichi kila asubuhi. Taa yenyewe akatupatia, moja kubwa inayotoa joto na mionzi kama ya jua kwa pamoja.

"Nakuja baada ya siku kumi na nne," akasema. "Nikikuta ameongezeka uzito, hata gramu kumi tu, na daftari la vipimo liko sawa, anabaki. Vinginevyo naondoka naye, na mtu asinililie."

Alisema "mtu", lakini alikuwa ananitazama mimi.

*

Baba alisema friza iliyokufa ni nyumba nzuri kuliko hata yetu, maana haipitishi joto, haipitishi baridi, wala haipitishi umbea. Akang'oa mota, akatoboa matundu kumi na mawili ya hewa upande wa nyuma, akamwaga udongo, tukatandaza majani makavu na kuyanyunyizia maji. Jiwe bapa pembeni, sahani ya maji katikati. Kwa taa hakuhangaika kuvuta waya mpya. Waya za taa ya zamani ya friza zilikuwa bado nzima, akaunganisha ile taa ya daktari hapo hapo. "Kazi ya dakika tano," akasema, na kweli ilikuwa dakika tano. Akaweka na saa ya kuwashia yenyewe: inawasha saa kumi na mbili asubuhi, inazima saa kumi na mbili jioni. Mwisho akaning'iniza kipima unyevu chake cha mshale, kile anachokwenda nacho kwenye vyumba vya baridi.

Friza tukaiweka chumba cha mbele, ambako Mama anashona. Mama ni fundi cherehani, na chumba cha mbele ndicho duka lake. Ikakaa karibu na ukuta, nyuma pakabaki upenyo wa kupita mtu mwembamba. Mtu mwembamba nyumbani kwetu ni mmoja tu.

Jina la Mheshimiwa alilitoa kaka. "Ana jumba, ana taa, ana chakula, na hafanyi kazi," alisema. "Mnataka aitwe nani?"

Siku tatu za kwanza mshale ulisimama kwenye sitini na nane kama umepigwa msumari. Baba alikuwa anapita hapo na chai yake anautazama kama mtu anavyotazama picha ya harusi yake. Tatizo moja tu: Mheshimiwa hali kitu. Majani ya asubuhi tunayakuta jioni. Kila ukifunua unamkuta amelala kona ya mbali, kajikunyata. Nikampima kwenye mizani ya jikoni. Amepungua gramu thelathini.

Baba akampigia daktari. Simu ya Baba hata usipoweka spika inasikika mpaka kwa jirani.

"Kobe asiyekula hapati mwanga," daktari akasema.

"Hapati nini?"

"Mwanga, fundi. Angalia taa yako."

Baba akakata simu kwa adabu, akaiweka mezani kwa adabu, halafu akaenda kwenye friza bila adabu yoyote akafunua mfuniko. Taa ikatupiga usoni sote.

"Hii ni nini?" akauliza. "Mshumaa?"

Ndani, Mheshimiwa akafumbua jicho moja. Akanyoosha shingo. Akaanza kutembea kuelekea kwenye majani.

"He! Ameamka!" Mama akasema.

Baba akafunika. Tukangoja nusu saa. Akafunua: Mheshimiwa kalala kona ile ile. Kidogo, akafumbua jicho, akaanza kutembea. Baba akafunika tena, tukangoja tena, akafunua tena. Yale yale.

Mama akaingiza mkono. "Mbona hili jiwe la baridi?"

"Si umefungua friza? Ukifungua friza joto linabadilika. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua."

Ukweli ni kwamba mtu aliyetengeneza friza miaka ishirini na miwili akikuambia habari za friza, wewe unanyamaza. Hata wale ambao kunyamaza si kipaji chao walinyamaza.

"Nimeelewa," Baba akasema, kwa ile sauti anayotumia akigundua kompresa imekufa. "Mwanga upo. Unyevu upo. Tukifunua anaamka, tukifunika analala. Anachokosa huyu ni watu."

*

Basi mfuniko ukaachwa wazi mchana kutwa ili Mheshimiwa apate watu. Kufika saa sita mshale ulikuwa umeshuka mpaka thelathini na tisa. Baba akafunga madirisha. Akabandika raba za milango ya majokofu kuzunguka mlango wa chumba. Mshale haukutikisika.

Ndipo Bibi akarudi kutoka kwa jirani.

Bibi, mama yake Mama, akitoka kwa jirani huwa anarudi na mzigo, na mzigo wenyewe ni maneno. Akakaa kwenye kigoda kando ya friza akaanza kutueleza nani kagombana na nani, na kwa nini, na nani alisema tangu mwanzo kuwa watagombana. Saa nzima. Alipomaliza, Baba alikuwa ameganda mbele ya kipimo.

"Arobaini na nne," akasema. "Mama mkwe, umepandisha tano."

"Nimepandisha nini?"

"Unyevu. Pumzi ya mtu ina maji. Anayeongea anatoa mengi kuliko anayenyamaza. Endelea, tafadhali."

"Niendelee? Miaka yote mnaniambia ninyamaze!"

Kuanzia hapo Baba akaanza kupima watu. Alichukua daftari jipya akapiga mistari. Bibi: asilimia tano kwa saa. Kaka: tatu akiwa kwenye mpira, sifuri akiulizwa habari za masomo. Mama: mbili, kwa sababu akishona anabana pini mdomoni. Mjomba, mdogo wake Mama, ambaye kazi yake ni kuendesha sherehe na maikrofoni yake ya kukodisha, alipandisha saba peke yake, akataka apigiwe makofi.

"Debe tupu haliachi kuvuma," Bibi akasema.

"Debe tupu lingepandisha saba, Mama? Nakuuliza mbele ya ukumbi. Lingepandisha saba?"

Ratiba ikabandikwa mlangoni: ZAMU ZA KUONGEA NA MHESHIMIWA. Mjomba asubuhi, anafanya mazoezi ya kukaribisha maharusi. Bibi kabla ya chakula. Mchana Mama na wateja wake. Kaka baada ya shule, robo tatu ya saa. Saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni, mimi.

Nililisoma jina langu pale mara tatu, kama ni la mtu mwingine.

Baba akaongeza sheria chini kwa wino mwekundu: mshale ukifika arobaini na tano, mfuniko ufungwe mara moja.

Nyumba ikageuka bafu. Kioo cha Mama kina ukungu mchana kutwa, mteja anajitazama kwa kukifuta na kiganja. Vitambaa vinanata. Mkate unaota ndevu siku ya pili. Mama anawaambia wateja, "Dada, nitakupima, ila ukiwa humu lazima uongee."

"Niongee nini?"

"Chochote. Kobe hachagui."

Mwanzoni walikuwa wanacheka. Siku ya nne ya ratiba kuna mama mmoja mnene, sauti kama honi ya lori, alikuja kupunguza sketi akaishia kumweleza Mheshimiwa mambo ya mume wake tangu mwaka walipooana. Akafika asilimia hamsini na nane. Kesho yake akaja tena, na sketi hana.

"Nimekuja kumalizia," akasema.

Mheshimiwa mwenyewe muda wote huo hakuonekana. Kilichokuwa kinaonekana ni gamba. Mjomba anakaribisha maharusi, gamba. Bibi anahukumu kesi za mtaa, gamba. Kaka anatangaza penalti, gamba tena linatetemeka.

"Anasikiliza kwa makini," Mjomba akasema. "Ukumbi kama huu huupati kirahisi."

*

Zamu yangu ilikuwa aibu ya familia.

Nakaa kwenye kigoda. Nafungua mdomo. Hakitoki kitu. Mshale unaanza kuteremka, sitini, hamsini na sita, hamsini na mbili, unateremka kama mzee kwenye ngazi. Kaka anachungulia mlangoni.

"Kufuli kaingia zamu," anatangaza. Kufuli ndilo jina langu kwake. "Jamani kaleteni ndoo za maji, kobe anakauka."

"Mwache mwenzio," Bibi anasema. "Kimya kingi kina mshindo mkuu."

"Cha huyu, Bibi, ndani yake kuna kimya kingine."

Baba alikuja akachuchumaa kando yangu. Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. "Mwanangu, hata hesabu tu. Moja mpaka mia. Kwa ajili yake." Nikahesabu kwa kunong'ona. Nikafika arobaini na moja sauti ikakata, na mshale ulikuwa umeshuka tatu. Kaka akasema mimi sitoi unyevu, mimi nakunywa. Mjomba naye akajitolea kunifundisha. "Kwanza simama wima. Pili tabasamu. Tatu: mabibi na mabwana!" Nikasimama wima. Ya pili na ya tatu sikuyaweza.

Lakini kuna jambo walikuwa hawalioni, maana kila mmoja zamu yake ikiisha anakimbilia hewa nje. Katika kimya changu, Mheshimiwa alikuwa anatoka. Taratibu, kwanza pua, halafu macho, uvimbe ulikuwa umeanza kupungua. Anapanda kwenye jiwe, ananyoosha miguu ya nyuma kama mtu aliyefika kwake akavua viatu. Halafu anakwenda kwenye majani anakula. Nasikia meno. Kobe hana meno, lakini nasikia kitu, krap, krap. Nilikuwa nakaa pale bila kupumua kwa nguvu, tunatazamana. Sijawahi kutazamana na mtu muda mrefu vile bila kuulizwa swali.

Halafu kaka mlangoni: "Arobaini na tano! Funika!"

Na nilifunika. Nusu saa tu, kila siku, halafu nafunika. Alikuwa akipungua. Siku ya kumi, gramu sitini chini. Siku ya kumi na mbili, sabini na tano. Usiku nilikuwa nafikiria ile safari ya siku nzima kwenye boksi, na wale watu wote wa kituo watakaokuwa wanakuja kumtazama na kusema ona, ona, hebu mguse.

Siku hiyo hiyo ya kumi na mbili, jioni, nilikuwa nimeshafunika mfuniko, mara nikasikia honi ya lori barazani. Yule mama wa sketi. "Yuko wapi yule binti asiyesema? Leo atasema na mimi!"

Nikaingia nyuma ya friza.

Nilichuchumaa pale, pua karibu igonge ukuta, na matundu kumi na mawili ya hewa mbele ya macho yangu. Yalikuwa meusi. Nikaweka jicho kwenye tundu moja. Giza. Giza la ndani ya kiatu. Nikatazama saa ya mkononi: saa kumi na moja na robo. Taa inatakiwa iwe inawaka.

Yule mama akaingia, akasema, "Basi nitaongea na Mheshimiwa mwenyewe," akafunua mfuniko. Ukutani, mbele ya pua yangu, vikawaka vijua kumi na viwili.

Alipoondoka akafunika. Vyote vikazima.

Nilibaki nimechuchumaa mpaka miguu ikafa ganzi. Taa ilikuwa inafanya kile ambacho taa ya friji hufanya. Ukifungua inawaka, ukifunga inazima. Mheshimiwa hakuwa anaamka akiona watu. Alikuwa anaamka akiona asubuhi.

*

Nilimwambia Baba wakati wa chakula cha jioni, sikioni.

"Ukifunika, taa inazima."

Akatabasamu, akanishika mkono, tukaenda kwenye friza. Akarudisha saa ya kuwashia nyuma kidogo ili taa iwe na umeme, akafunua. "Unaona? Inawaka."

"Ukifunika," nikasema.

Akafunika. "Sasa?"

"Imezima."

Akafunua. "Inawaka, mwanangu."

Sasa hapo unasemaje? Kila akienda kuangalia giza anakwenda na mwanga. Nikanyoosha kidole upenyoni. "Nyuma."

"Nyuma kuna matundu ya hewa. Nimetoboa mwenyewe." Tena pale nyuma tumbo la Baba haliingii, hata akitoa pumzi zote. Nilikuwa najikusanya niseme sentensi ya pili, lakini Mjomba akaingia na vijana wanne wa muziki wake, wote wananisalimia kwa mpigo, na sentensi ikarudi ilikotoka. Siku iliyofuata nilijaribu mara mbili. Mara ya kwanza kulikuwa na wateja. Mara ya pili hakukuwa na mtu, na bado nilishindwa, hilo sina wa kumlaumu.

Siku ya kumi na nne Baba alituamsha alfajiri. "Leo kila mtu aongee kama anagombea."

Daktari alipofungua mlango, miwani yake iliingia ukungu papo hapo. Hakuona kitu, alisikia tu. Tulikuwa watu tisa chumbani. Mjomba alikuwa anakaribisha maharusi wasiokuwepo, Bibi anasimulia, kaka yuko kipindi cha pili dakika za nyongeza, Mama katoa pini mdomoni kwa heshima ya siku hiyo, yule mama wa sketi na dada zake wawili wanapokezana, na Baba anapaza sauti juu ya wote, "Sitini na sita, daktari! Sitini na sita!"

"Kuna msiba?" daktari akauliza.

"Kuna unyevu!"

Alifuta miwani, akasoma kipimo, akasoma daftari la vipimo, ambalo kaka ndiye alikuwa analijaza, safi, lenye mistari, mwanga saa kumi na mbili kila siku. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Halafu akamtoa Mheshimiwa akamweka kwenye mizani aliyokuja nayo. Akamtoa, akamrudisha tena.

"Amepungua gramu themanini."

Hakuna aliyesikia zaidi yangu, wengine walikuwa wanaongea. Daktari akamfuata Baba sikioni akarudia. Baba akaendelea kusema sitini na sita, sitini na sita, lakini polepole zaidi.

"Sielewi, fundi. Vipimo vizuri kabisa. Lakini mizani haijui kubembeleza mtu." Akaenda mlangoni akaleta boksi lenye matundu. Akamweka Mheshimiwa ndani. Kichwa ndani, miguu ndani, mkia ndani.

"Taa inazima," nikasema.

Mjomba alikuwa anaomba ukumbi usimame.

"Taa inazima mkifunika."

Bibi alikuwa amefika mahali pa utamu. Daktari akaanza kufunga kamba ya boksi, fundo la kwanza.

"TAA INAZIMA!"

Sikujua sauti ile iko wapi siku zote. Sindano ya cherehani ilitetemeka, au niliona hivyo. Chumba kizima kikanyamaza kwa mpigo, na katika kile kimya mshale wa Baba ukashuka asilimia moja.

"Nani huyo?" kaka akauliza.

"Mfuniko ukifungwa taa inazima," nikasema. Mdomo ulikuwa umeshapata njia. "Anakaa gizani."

"Mwanangu, tulishaangalia," Baba akasema, kwa upole na kwa aibu, anamtazama daktari. Akafunua. Taa hiyo hapo, inawaka.

"Niachieni mimi," Mjomba akasema. "Mimi kazi yangu ni kushuhudia." Kabla mtu hajamzuia alikuwa amepanda, ameingiza kichwa, mabega na tumbo, miguu inaning'inia nje na soksi za sherehe. "Nifunikeni!"

Kaka akafunika. Mfuniko ukaishia kwenye mapaja.

"Inawaka!" sauti ikatoka ndani. "Inawaka vizuri sana! Ukumbi umependeza!"

"Ingiza miguu," daktari akasema.

"Miguu haina nafasi, mheshimiwa daktari!"

"Basi mfuniko haujafungwa!"

"Ndiyo, lakini taa inawaka!"

Wakaanza kubishana wote, na mshale ukapanda. Nilimshika daktari mkono wa koti. Mtu nisiyemzoea, nikamshika kabisa. "Njoo nyuma," nikasema, nikamvuta. Daktari ni mwembamba, akapita. Tukachuchumaa wawili pale ukutani. Nikasikia Mjomba anavutwa kwa miguu, halafu Bibi anasema, "Haya, nafunika mimi, nyie wote hamna akili."

Mfuniko ukalia.

"Giza," daktari akasema.

Bibi akafunua. Vijua kumi na viwili.

"Mwanga. Funika tena, Bibi. Giza. Funua. Mwanga." Akacheka peke yake, kicheko kifupi cha puani. "Fundi! Umemjengea kobe friji!"

Tulipotoka, Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda cha zamu, anatazama kile kitufe kidogo kwenye ukingo wa friza ambacho mfuniko ukishuka unakibonyeza. Halafu akaitazama mikono yake mwenyewe.

"Miaka ishirini na miwili," akasema, "naunganisha taa zizime mkifunga. Mkono umeunganisha wenyewe. Mimi sikuwepo."

"Kwa hiyo," Bibi akasema, "siku zote tumekuwa tukiongea na kobe aliye gizani?"

"Hapana, Bibi," nikasema. "Mlipokuwa mnaongea mwanga ulikuwepo. Lakini mkiongea anajificha, hali. Mkinyamaza anakula, ila tukinyamaza unyevu unashuka, tunafunika, taa inazima, analala."

Walinitazama kama friza ndiyo imesema.

Mjomba alikuwa anakung'uta udongo kwenye tai. "Ngoja. Maana yake hotuba zangu zote…"

"Alikuwa kajificha ndani, Mjomba."

"Hata ile ya keki?"

"Hata ile ya keki."

Baba alikata waya, akaunganisha upya bila kupitia kwenye kitufe. Dakika tano. Tukafunika mfuniko, na mwanga ukabaki umetoka nyuma, umechora vijua vyake ukutani. Baada ya robo saa mshale ndani ulikuwa sitini na mbili unapanda, na hakuna mtu aliyekuwa amesema neno. Mama akafungua madirisha yote. Yule mama wa sketi akauliza sasa yeye ataongea na nani.

Daktari hakuwa anacheka tena. Alikuwa amesimama juu ya boksi, mkono kwenye fundo.

"Daftari lenu ni uongo ulioandikwa kwa mwandiko mzuri," akasema. "Na amepungua gramu themanini. Sheria yangu mnaijua."

"Nipe wiki mbili nyingine," Baba akasema. "Mimi mwenyewe nita…"

"Sikuulizi wewe, fundi." Akanigeukia. "Wewe ndiye umeona. Nikimwacha, kila jioni saa moja unanipigia simu. Unaniambia joto, unyevu, mwanga, amekula nini. Si ujumbe. Nataka sauti." Baba akafungua mdomo. "Na si ya baba yako. Ukikosa siku moja, nakuja na hili boksi."

Nilitazama boksi. Ndani, pua ilikuwa imetoka kidogo sana.

"Nitapiga," nikasema.

*

Siku ya kwanza nilikaa na simu mkononi tangu saa kumi na moja. Nilikuwa nimeandika kila neno kwenye karatasi, pamoja na "haloo". Nilisoma yote bila kuvuta pumzi, daktari akasema sawa, nikakata, nikaenda kulala na nguo za shule.

Siku ya pili aliuliza swali ambalo halikuwa kwenye karatasi: anakula majani gani zaidi? Nikajibu. Siku ya tano nilimwambia gramu kumi na tano zimerudi, na kwamba kwenye jiwe anaanza kuota kwa mguu wa kushoto, siku zote wa kushoto. Siku ya nane nilieleza tofauti ya unyevu wa asubuhi na wa mchana, na nadharia yangu kuhusu sahani ya maji kuwa pana kuliko ndefu, na jinsi Mheshimiwa anavyotazama kipimo, kama anakisoma, nami nadhani anakisoma. Kaka alikuwa amekaa kwenye ngazi, kashika shavu, anangoja simu maana ni yake. Alingoja sana.

Jana nilikuwa nimefika kwenye habari za udongo wa juu na udongo wa chini, daktari akanikatiza. Nyuma yake palikuwa na kelele, kitu kizito kinapiga kwato.

"Binti, nimekuelewa, ni mzuri sana huo udongo, lakini nipo zizini, mkono mmoja uko ndani ya ng'ombe anazaa. Tumalize hapo?"

"Sawa, daktari," nikasema. "Ila kuna moja tu la mwisho."